Johnny Gaddaar: mwizi unamjua mapema, na bado roho inakwenda mbio

Filamu nyingi za Kihindi za uhalifu zinanichosha kwa jambo lilelile: mhalifu anafichwa saa mbili nzima, halafu dakika za mwisho anatolewa mtu ambaye hukupewa nafasi hata ya kumshuku. Johnny Gaddaar imekwenda njia nyingine. Ni filamu ya mwaka 2007, imeongozwa na Sriram Raghavan, na kabla haijafika katikati unamjua mwizi ni nani, anawaibia akina nani, na fedha anazitakia nini. Wenzake ndio hawajui. Kuanzia hapo siri unaibeba wewe pamoja naye. Unamwona anakaa nao, anawapa pole, anashiriki nao kumtafuta mwizi, na kila mmoja wao akimkazia macho unajikuta umebana pumzi. Niliianza usiku nikiwa na nia ya kutazama nusu, nyingine niimalizie kesho yake. Sikuweza kuizima.

Hadithi yenyewe ni hii. Wapo wanaume watano, watu wa Mumbai, washirika katika kamari na dili za pembeni ambazo haziandikwi popote. Mkubwa wao ni Seshadri, mzee mwenye heshima yake, anayechezwa na Dharmendra. Prakash, ambaye ni Vinay Pathak, ndiye mtu wa kamari, maneno mengi na mizaha. Shardul, anayechezwa na Zakir Hussain, ana hasira za karibu na moyo wa kutoamini mtu. Shiva ni pande la mtu, mwenye nguvu na maneno machache. Kwa waliowahi kufuatilia tamthilia ya CID ya televisheni ya India, ni yule yule Daya Shetty aliyezoeleka kwa kuvunja milango. Wa tano, na mdogo kuliko wote, ni Vikram. Hii ilikuwa filamu ya kwanza ya Neil Nitin Mukesh akiwa mhusika mkuu, naye ni mjukuu wa Mukesh, yule mwimbaji ambaye sauti yake bado inasikika katika nyumba nyingi za pwani yetu kila wazee wanapokumbuka ujana wao.

Simu inatoka Bangalore. Kalyan, askari polisi mla rushwa na rafiki wa siku nyingi wa Seshadri, ana mzigo. Mzigo huo wenyewe wanauita fanicha za Kifaransa, na kila mmoja mle chumbani anajua kwamba si fanicha. Unatakiwa utoe kiasi leo, urudishiwe mara mbili baada ya siku chache. Kila mtu aweke laki 50 za rupia, yaani milioni 5. Watu watano, milioni 25, fedha taslimu, ndani ya begi moja. Shiva atalipeleka kwa treni.

Nimesimama kwenye hizo hesabu kwa makusudi, kwa sababu ndipo filamu ilipoweka msingi wake. Hakuna msafi kati yao. Hakuna mwenye njaa, hakuna mwenye mtoto anayesubiri kufanyiwa upasuaji, hakuna anayedaiwa kodi ya nyumba. Wana nyumba, wana magari, wana wake wanaovaa vizuri. Wanachotaka ni kile ambacho tayari wanacho, mara mbili. Filamu za Kihindi nilizokua nazo zilimpa mwizi sababu ya kumhurumia: mama mgonjwa, ndugu aliyepotea utotoni, tajiri aliyemdhulumu baba. Hapa Raghavan ameziondoa zote, na mtu anabaki na tamaa yake mkononi, haina pa kujificha.

Vikram anataka milioni zote 25, na anamtaka pia Mini, anayechezwa na Rimi Sen, ambaye ni mke wa Shardul. Wamependana kwa siri na wanataka kukimbia wakaanze maisha kwingine. Kwa hiyo tamaa yake ni mbili zilizosukwa pamoja, na kila ukijiuliza ipi iliyotangulia, fedha au mwanamke, filamu inakuachia swali lako. Anawaaga wenzake kwamba anakwenda Goa. Ukweli ni kwamba yupo njiani kuifuata treni ya Bangalore, ana chupa ya klorofomu, na mpango mzuri kabisa kichwani: Shiva atalala, begi litaondoka, Shiva ataamka mikono mitupu, na hakuna tone la damu litakalomwagika.

Tukio la kwenye treni ni lazima nilielezee, kwa sababu mengine yote yanazaliwa pale. Ni usiku. Kelele za magurudumu zinafunika kila kitu. Shiva yupo na begi lake. Vikram anaingia akiwa na hakika kwamba anachokuja kufanya ni wizi tu, na dakika chache zinaonekana kumpa haki. Kisha Shiva anazinduka. Linazuka pambano katika nafasi finyu ambayo hata watu wawili hawapitani vizuri, na wakati fulani Shiva anauona uso wa mtu anayepambana naye. Ni uso wa mdogo wake, wa mtu anayekaa naye meza moja. Raghavan hakulifanya liwe pambano la ushujaa. Hakuna muziki wa kushangilia, hakuna ngumi za kupendeza. Ni purukushani ya watu wawili wenye hofu, na inapoisha Shiva hayumo tena kwenye treni. Vikram anabaki amesimama na begi, na usoni mwake unaona mtu anayegundua kwamba mpango wake umekufa pamoja na Shiva, ila yeye bado anatakiwa kuendelea nao.

Waswahili tuna msemo, tamaa mbele mauti nyuma, na ni rahisi kuusema ukaona umeimaliza filamu hii. Mimi naona filamu imechimba zaidi ya hapo. Kuanzia lile behewa, Vikram haui tena kwa ajili ya fedha. Fedha anazo. Anaua kwa sababu mtu wa pili amegundua jambo la mtu wa kwanza, na wa tatu ameanza kuuliza habari za wa pili. Kila kifo kinakuja kufunika kilichotangulia. Na lile begi, ambalo watu wote wanalikimbilia, halimpi raha hata ya dakika moja. Hakuna tukio hata moja la Vikram akila maisha, hakuna gari jipya, hakuna shampeni. Linahitaji kufichwa, kuhamishwa, kuchungwa. Nilikuwa nikingoja aonyeshwe akilifurahia, na kukosa kuonyeshwa huko ndiko kulikonifanya nielewe mwongozaji anasema nini. Amelisema bila mtu yeyote kusimama na kuhubiri, bila hakimu, bila mama anayelia akimlaani mwanawe.

Lakini kilichoniuma kuliko vifo ni Seshadri. Mzee huyu anampenda Vikram kama mwanawe wa kumzaa. Nyumbani kwake ana kaseti ya marehemu mkewe akiimba wimbo wa zamani wa sinema, na anaisikiliza peke yake, macho yamekwenda mbali. Hakuna maneno mengi pale. Dharmendra anakaa tu, sauti ya yule mama inatoka kwenye kinasa sauti, na unamjua mzee huyu kuliko ambavyo ungemjua kwa mazungumzo ya nusu saa. Sasa fikiria mtu huyo ndiye anayetakiwa kuketi chini, aunganishe habari za Goa na habari za treni, na akili yake impeleke kwa kijana ambaye moyo wake hautaki kumfikia. Sitasema yanakoishia. Nitasema kwamba macho ya Dharmendra katika tukio hilo ni miongoni mwa vitu bora kabisa alivyowahi kufanya, na nawaza hivyo nikiwa nimezikumbuka filamu zake za ujana.

Nilimwita baba yangu mdogo aje tuitazame pamoja. Ba'mdogo ni wa kizazi kilichojaza majumba ya sinema ya Tanga wakati Dharmendra ni Veeru wa Sholay, mwaka 1975 na miaka iliyofuata, na kwake yule ni mtu wa kuruka, kupigana na kuimba juu ya mnara wa maji. Alipomwona mzee, mwili umepungua kasi na sauti imeshuka, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, huyu sasa ndiyo anaigiza." Dharmendra amefariki Novemba 2025, akiwa na miaka 89. Wengi wamemkumbuka kwa Sholay na wana haki, ila mimi ningependa mtu yeyote aliyemlilia aitazame na hii.

Upande wa waigizaji wengine sina la kulalamika sana. Vinay Pathak ananichekesha na dakika hiyohiyo ananipa wasiwasi, kwa sababu Prakash ana akili ya mcheza kamari: anasoma nyuso za watu. Govind Namdeo, ambaye ndiye Kalyan, akiingia kwenye chumba unahisi hewa imebadilika. Kuna waliosema Neil Nitin Mukesh ni mkavu, uso haubadiliki. Naona ukavu huo umeibeba filamu. Vikram ni mtu anayejifunza kuficha kila kitu mbele ya watu wanaomjua vizuri. Angekuwa na uso unaochezacheza wangemkamata siku ya kwanza. Ukimtazama kwa makini utaona jasho, utaona koo linavyomeza mate, utaona namna anavyochelewa nusu sekunde kabla ya kujibu swali.

Wa kumtazama zaidi ni Ashwini Kalsekar, ambaye ni Varsha, mke wa Prakash. Mwanzoni unadhani amewekwa kwa ajili ya ugomvi wa mume na mke, maana wanarushiana maneno kama watu waliooana siku nyingi na bado wanapendana. Usimpuuze. Huyu mama ni mmoja wa sababu zinazofanya filamu hii isitoke kichwani.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo wapenzi wa filamu za zamani watalifurahia. Mwanzoni kabisa filamu imetolewa kwa heshima ya watu wawili: Vijay Anand, mwongozaji wa Johny Mera Naam ya mwaka 1970, na James Hadley Chase, Mwingereza aliyeandika riwaya za uhalifu ambazo zilisomwa India nzima na zikasomwa sana Afrika Mashariki pia, zile za jalada laini zilizopita mkono hadi mkono mpaka kurasa zikachanika. Heshima hiyo si maneno tu, imeingia ndani ya hadithi. Vikram anafika hotelini na anahitaji jina la uongo la kuandikisha. Yule wa mapokezi macho yake yapo kwenye runinga, inaonyeshwa Johny Mera Naam. Vikram anaitazama runinga, na jina linapatikana papo hapo: Johnny. Sehemu nyingine inaonyeshwa Parwana ya mwaka 1971, Amitabh Bachchan akiwa bado hajawa jina kubwa, na ndani yake mtu anatumia treni na ndege ili aonekane hakuwepo mahali ambapo alikuwepo. Sinema za zamani ndizo zinazompa mwizi mawazo. Na kwa wanaofuatilia mambo ya familia za mastaa: nyota wa kike wa Johny Mera Naam ni Hema Malini, ambaye baadaye akawa mke wa Dharmendra mwenyewe.

Nawasihi msichelewe mwanzo. Filamu inafunguka kwa picha nyeusi na nyeupe, mvua, usiku, gari la polisi likizunguka doria, na mtu anapigwa risasi. Hujui ni nani na hujui kwa nini. Halafu rangi zinaingia na hadithi inaanza kama vile hakuna kilichotokea. Mwenzangu mmoja alikuwa jikoni dakika zile, akaingia wakati majina ya waigizaji yanapita kwa mtindo wa sinema za miaka ya sabini, na mwisho wa filamu ukampita bila kumpiga inavyotakiwa. Ilibidi nimrudishe mwanzo ndipo akashika kichwa.

Sifa nyingine ni ya sauti na ukataji wa picha. Muziki ni wa Shankar, Ehsaan na Loy, na umetengenezwa na ladha ya miaka ya sabini, tarumbeta na gitaa la besi, bila kukatiza hadithi ili watu waende kucheza mlimani. Uhariri ni wa Pooja Ladha Surti, na picha ni za C. K. Muraleedharan. Filamu inazidi kidogo saa mbili, na sikuona mahali ambapo ningeweza kwenda kuchota maji ya kunywa.

Kasoro zipo. Mini hakupewa uzito. Mwanamke ambaye kwa ajili yake urafiki wa miaka unavunjwa ungetaka umjue: anawaza nini, anamwogopa Shardul kiasi gani, anajua kiasi gani cha anachofanya Vikram na anakubaliana nacho kwa kiasi gani. Rimi Sen anafanya anachoweza na mistari michache, lakini anabaki kama sababu tu ya mambo kutokea. Lingine ni sadfa. Theluthi ya mwisho inaegemea sana mtu kupiga simu kwa wakati fulani, mwingine kusikia nusu ya maneno. Sikuvunjika moyo, kwa sababu mkanganyiko ndio maisha ya watu wanaofichana mambo, ila mtazamaji anayependa kila fundo lifungwe kwa kamba ya chuma atanung'unika. Na klorofomu inafanya kazi haraka mno, kama ilivyo kwenye sinema zote za dunia.

Filamu haikufanya vizuri kwenye majumba ya sinema ilipotoka Septemba 2007, na hilo linanisikitisha, maana ilistahili. Sifa zake zimekua polepole, kwa watu kuambiana. Wahindi wa kusini waliiona thamani yake wakaitengeneza upya: kwa Kimalayalam ikaitwa Unnam, mwaka 2012, na kwa Kitamil ikaitwa Johnny, mwaka 2018.

Kuhusu lugha, hapa nina ushauri mzito. Niliwahi kuipata kwanza ikiwa imetafsiriwa kwa sauti, ile ya mtafsiri anayesimulia juu ya picha. Mimi ni mpenzi wa filamu za kutafsiriwa, nimekua nazo, na kwa filamu za mapigano hakuna raha inayozidi ile. Kwa hii haifai. Sehemu zake bora ni za kimya: Vikram anatazamana na mtu, hakuna anayesema, na wewe unahesabu nani ameshajua nini. Mtafsiri hawezi kuvumilia kimya, anakijaza. Anakwambia "sasa huyu anawaza atoroke", na shughuli imeharibika, kwa sababu kuwaza huko ilikuwa kazi yako wewe. Tafuta yenye Kihindi chake na maandishi chini ya picha. Hata mwenye kusoma taratibu ataifuata, mazungumzo yake si ya kasi.

Si ya kutazama na watoto. Damu si nyingi, lakini vifo vinauma kwa kuwa wanaokufa umeshawazoea, na uhusiano wa Vikram na mke wa mtu haujapambwa. Simu iweke mbali, kwa sababu jina moja lililotajwa mapema, au nguo moja, vinaweza kurudi baadaye vikiwa na kazi nyingine. Wenye kupenda riwaya zetu za upelelezi, zile za Kiswahili za miaka ya sabini na themanini zenye wapelelezi, mabegi ya fedha na warembo wasioaminika, watajisikia wamefika nyumbani.

Ukiimaliza na ukataka nyingine ya mkono huohuo, Raghavan alitoa Badlapur mwaka 2015, ambayo ni ya kisasi na ni nzito zaidi, kisha Andhadhun mwaka 2018, yenye Tabu na Ayushmann Khurrana, ambayo imejulikana duniani kuliko zote na ikafanya biashara kubwa hata China. Ashwini Kalsekar na Zakir Hussain wamo tena kwenye hiyo Andhadhun. Watu wengi wanaanzia huko. Mimi ningekwambia anza na Johnny Gaddaar. Kwa kumi naipa tisa, na hiyo moja nimeiondoa kwa ajili ya Mini.